Kufundisha Hali ya Upeo ya Vivumishi vya Kijerumani kwa Watoto: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kijerumani anayefundisha watoto wa miaka 9 hadi 12 wanaozungumza Kiswahili nyumbani, awe Nairobi, Mombasa, Arusha au Dar es Salaam. Unachukulia kwamba watoto wamekwisha kuzoea “der”, “die” na “das” pamoja na nomino za darasani, wanajua majina ya wanyama na vyakula, na wamepitia hali ya ulinganishi, yaani sentensi kama “Der Bus ist schneller als das Fahrrad”. Ikiwa ulinganishi bado unayumba, tumia vipindi viwili kuuimarisha kabla ya kusonga mbele, kwa sababu hali ya upeo, ambayo Wajerumani huiita Superlativ, hujengwa juu yake, na mtoto anayesitasita kwenye “schneller” atapotea kabisa kwenye “am schnellsten”.

Kijerumani kina maumbo mawili ya upeo. La kwanza ni “am” likifuatiwa na kivumishi chenye kiambishi tamati “-sten”, nalo husimama peke yake bila nomino: “Der Gepard läuft am schnellsten.” La pili huambatana na nomino na hubeba kiambishi “-ste” pamoja na “der”, “die” au “das”: “Der Gepard ist das schnellste Landtier.” Shauri langu kubwa katika mwongozo huu ni kwamba umbo la kwanza lifundishwe peke yake kwa vipindi vitatu au vinne vya dakika 40, kwa kutumia vitu ambavyo watoto wamevipima kwa mikono yao wenyewe, na umbo la pili lizuiwe kuingia darasani mpaka lile la kwanza litoke vinywani mwao bila kufikiri. Si ajabu kukuta kitabu cha kiada kikiyaweka yote mawili katika ukurasa mmoja. Mtu mzima huweza kuvumilia mpangilio huo, lakini mtoto huyachanganya, akasema “der am schnellsten” au “am schnellste”, na mchanganyiko huo ukishaota mizizi huchukua miezi kuung’oa.

Yale ambayo Kiswahili humwandalia mtoto, na yale yanayomtega

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu anapaswa kutazama jinsi mtoto anavyosema jambo hilo hilo kwa Kiswahili. Tunasema “duma ana mbio kuliko simba” na “duma ana mbio kuliko wanyama wote”. Neno “kuliko” hufanya kazi zote mbili, na kinachotofautisha ulinganishi na upeo ni kile kinachofuata. Kwa hiyo mtoto aliyefundishwa kwamba “kuliko” ni “als” atasema, kwa mantiki isiyo na kasoro, “Der Gepard ist am schnellsten als alle”. Hilo ni kosa, lakini sentensi jirani yake, “Der Gepard ist schneller als alle anderen Tiere”, ni Kijerumani safi. Itumie sentensi hiyo kama daraja. Mwache mtoto aseme kwanza anavyofikiri, kisha mwonyeshe kwamba Wajerumani wana njia fupi zaidi: maneno “als alle anderen Tiere” yanaondoka yote, na mahali pake panaingia “am schnellsten”. Akitaka kutaja kundi, aseme “von allen”: “Der Gepard ist am schnellsten von allen.”

Mtego wa pili unatoka katika Kiingereza, ambacho watoto wengi wa Afrika Mashariki wanakitumia shuleni. Kiingereza huongeza neno la pembeni mbele ya vivumishi virefu, na mtoto huleta mazoea hayo katika Kijerumani na kusema “am meisten interessant”. Waambie mapema na kwa uwazi kwamba kivumishi cha Kijerumani, kiwe kifupi au kirefu, hupata kiambishi kile kile: “am kleinsten”, “am langsamsten”, “am interessantesten”. Watoto hufurahia kanuni isiyowabagua maneno marefu.

Mtego wa tatu ni wa msamiati, na ndio unaosahauliwa zaidi. Kivumishi “-refu” hutosheleza mtu, mti na kamba, lakini Kijerumani hutenganisha: mtu ni “groß”, mlima na jengo ni “hoch”, kamba na penseli ni “lang”. Vivyo hivyo, mtoto husema “kaka yangu mkubwa” akimaanisha aliyemtangulia kuzaliwa, naye akiulizwa nani ni “am größten” nyumbani kwao hutaja yule mwenye umri mkubwa hata kama ni mfupi. Hapo Kijerumani kinataka “am ältesten”, na kwa mdogo wao “am jüngsten”. Andaa manila yenye picha tatu, mtu, mlima na kamba, kila moja ikiwa na kivumishi chake, na uibandike ukutani siku zote za somo hili. Usipofanya hivyo utajikuta ukisahihisha sarufi ambayo kwa kweli haina kosa, kwa kuwa kosa limo katika neno lililochaguliwa.

Hatua ya kwanza: kuanzia kwenye mapenzi ya mtoto

Anza na “am liebsten”. Watoto wanajua “gern” tangu miezi ya mwanzo, wanajua “lieber”, na swali “Was isst du am liebsten?” linawahusu moja kwa moja. Andika ubaoni vyakula vitatu, kwa mfano pilau, chapati na maharage, kisha useme habari zako mwenyewe huku ukionyesha ngazi tatu ulizochora kwa chaki mithili ya jukwaa la washindi: “Ich esse gern Bohnen. Ich esse lieber Chapati. Am liebsten esse ich Pilau.” Kila mtoto aseme sentensi zake tatu kwa mwenzake, halafu mwenzake alieleze darasa: “Sie isst am liebsten Mangos.”

Vyakula viwe vitatu au zaidi, kamwe visiwe viwili. Upeo hauna maana mpaka kuwe na kundi, na mtoto anayezoeshwa tangu siku ya kwanza kwamba viwili ni vya “lieber” na vitatu ni vya “am liebsten” hatahitaji kuelezwa tofauti hiyo kwa maneno mengi. Angalia pia mpangilio wa sentensi: “am liebsten” likitangulia, kitenzi hubaki katika nafasi ya pili na kiima hurudi nyuma yake. Usifanye hilo kuwa somo, bali wape watoto sentensi yenyewe kama kipande kimoja wakikariri.

Hatua ya pili: kupima kwanza, kusema baadaye

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Gawa darasa katika vikundi vya watoto wanne, na kila kikundi kipewe penseli, rula na kipande cha kamba, pamoja na mawe matatu ya ukubwa tofauti. Uliza: “Was ist am längsten: der Bleistift, das Lineal oder die Schnur?” Tazama swali lilivyoundwa. Nomino zake zina jinsia tatu tofauti, lakini kwa kuwa linaanza kwa “was”, mtoto hahitaji kuchagua kati ya “welcher”, “welche” na “welches”, na jibu lake, “Die Schnur ist am längsten”, halimlazimishi kubadilisha chochote kwa ajili ya jinsia. Akili yake yote inabaki kwenye “am längsten”.

Watoto wapime kweli, waandike sentimita katika daftari, ndipo waseme. Jibu lolote lisilotokana na kipimo lirudishwe kwa upole: “Wie lang ist die Schnur?” Kwa mawe tumia mizani ya jikoni ikiwepo, au mkono mmoja kwa mwingine: “Dieser Stein ist am schwersten.” Upeo ni madai, na madai yanahitaji ushahidi, mtoto akiwa na namba mkononi husema kwa sauti ya kujiamini, na kujiamini huko ndiko kunakomfanya arudie umbo bila kulazimishwa.

Kipindi kinachofuata, toka nje. Kila mtoto akunje ndege ya karatasi na kuandika jina lake juu yake. Warushe watatu watatu kutoka mstari uliochorwa chini, mtoto mmoja akiwa mpimaji, na darasa zima likiuliza kwa pamoja: “Welches Flugzeug fliegt am weitesten?” Mshindi wa kila kundi ajibu mwenyewe: “Mein Flugzeug fliegt am weitesten, vier Meter zwanzig.” Hapa watoto wanagundua kwamba “am … -sten” hufuata pia vitenzi kama kuruka, kukimbia na kuimba, kwa hiyo umbo hilo hilo linafanya kazi ya kielezi bila kuongezwa chochote.

Kuna jambo ambalo halina nafasi ya mjadala. Vipimwe vitu na matendo, wala watoto wasipimwe miili yao. Vitabu vingine vina zoezi la kuwapanga wanafunzi mstari ili isemwe nani ni “am größten” na nani “am kleinsten”. Huenda urefu ukapita salama katika darasa lililozoeana, lakini uzito, sura, rangi ya ngozi, viatu, fedha za wazazi na alama za mtihani visiguswe hata kwa mchezo. Mtoto aliyetajwa mbele ya wenzake kuwa mnene kuliko wote hubeba jina hilo uwanjani, na Kijerumani chenyewe kitakuwa kimempa jeraha. Vivumishi “dick”, “hässlich” na “arm” viachwe kwa hadithi za mazimwi na wafalme.

Hatua ya tatu: ulimi na konsonanti

Kiswahili hupenda irabu kati ya konsonanti, na “schnellsten” ina rundo la konsonanti ambalo mtoto atalitenganisha kwa “i” ndogo hapa na pale. Mfundishe kutoka mwishoni kurudi mwanzoni. Darasa liseme “-ten”, kisha “-sten”, kisha “-llsten”, kisha “schnellsten”, likipiga makofi kwenye silabi yenye mkazo pekee. Kujenga neno kutoka nyuma huufanya mwisho, ambao ndio unaobeba sarufi, usikike wazi kila mara.

Waonyeshe pia kwamba “st” ya mwisho hutamkwa “st” tupu, ilhali “st” inayoanza neno hutamkwa “sht”. Katika “am stärksten” zipo zote mbili, na watoto hulipenda neno hilo wakishatambua siri yake. Kwa “ö” waambie waviringishe midomo kama wanaosema “o” kisha waseme “e”. Kwa “ü” midomo iwe ya “u” na sauti iwe ya “i”. Dakika tano kila kipindi zinatosha. Zoezi la matamshi likizidi hapo huchosha.

Hatua ya nne: maneno yanayobadilika

Vivumishi vingi vifupi vyenye “a”, “o” au “u” huchukua nukta mbili katika upeo, na kwa bahati nzuri ni vile vile vilivyozichukua katika ulinganishi. Vinavyofaa watoto ni “alt”, “kalt”, “warm”, “lang”, “stark”, “groß”, “jung”, “kurz” na “klug”, ambavyo hutoa “am ältesten”, “am kältesten”, “am wärmsten”, “am längsten”, “am stärksten”, “am größten”, “am jüngsten”, “am kürzesten” na “am klügsten”. Lakini “laut”, “langsam”, “bunt”, “voll” na “dunkel” hubaki kama vilivyo. Sioni faida ya kumpa mtoto kanuni hapa. Mpe kadi zenye maneno matatu matatu, azipange, azisome kwa sauti, na azichanganye tena.

Kuhusu “e” inayoingia katikati ya “am kältesten”, “am lautesten” na “am kürzesten”, mwambie mtoto ajaribu kusema “kältsten”. Mdomo wenyewe utamwonyesha kwa nini irabu imeitwa kusaidia, na baada ya hapo ataiweka bila kukumbushwa kwenye maneno mengi yanayoishia kwa “t”, “d”, “z” na “s”. Neno “groß” ndilo la kuangaliwa, kwa sababu lina sauti ya “s” mwishoni na bado husemwa “am größten”, bila “e” ya ziada.

Yasiyofuata njia ni machache na yanatumika kila siku: “gut, besser, am besten”, “viel, mehr, am meisten”, “gern, lieber, am liebsten”, “hoch, höher, am höchsten” na “nah, näher, am nächsten”. Yaimbwe kwa mapigo ya ngoma ya meza mwanzoni mwa kila kipindi mpaka yazoeleke. Watoto wa hapa kwetu hukariri kwa mdundo kuliko kwa jedwali, na sioni sababu ya kuwanyima nguvu hiyo waliyo nayo tayari.

Hatua ya tano: kuleta nomino

Sasa, na si kabla, lete “der/die/das … -ste”. Mtoto wa Kiswahili anayo hazina ambayo mwalimu asiipuuze: tangu utotoni anasema mti mrefu, kitabu kirefu, kalamu ndefu, kwa hiyo wazo kwamba nomino huamuru maneno yanayoizunguka si geni kwake. Mwambie kwamba katika Kijerumani nomino inaamuru neno la mbele, na kwamba kivumishi, ilimradi nomino ni moja na ndiyo inayotajwa baada ya “ist”, huishia kwa “e” tu: “der höchste Berg”, “die größte Stadt”, “das kleinste Land”.

Jiografia ndiyo uwanja bora wa hatua hii, kwa kuwa ukweli wake unaweza kuthibitishwa katika atlasi. Bandika ramani ya Afrika na ya Ujerumani bega kwa bega. Upande mmoja: “Der Kilimandscharo ist der höchste Berg Afrikas” (mita 5,895), “Der Viktoriasee ist der größte See Afrikas”, “Der Tanganjikasee ist der tiefste See Afrikas”, “Algerien ist das größte Land Afrikas”, “Madagaskar ist die größte Insel Afrikas”. Upande wa pili: “Die Zugspitze ist der höchste Berg Deutschlands” (mita 2,962), “Berlin ist die größte Stadt Deutschlands”, “Bremen ist das kleinste Bundesland Deutschlands”, “Rügen ist die größte Insel Deutschlands”. Sentensi ya Zugspitze ni ya thamani kubwa, kwa maana inaanza kwa “die” na kuendelea na “der”. Simama hapo. Uliza ni neno gani lililoamuru “der”, na usubiri mpaka mtoto mmoja aguse “Berg” kwa kidole. Kosa la “Der Gepard ist der schnellste Tier” huzaliwa pale mtoto anapotazama nyuma kwa duma badala ya kutazama mbele kwa “Tier”, na dawa yake ni zoezi hili hili.

Ramani hizo zinatoa pia nafasi ya kueleza kwamba upeo hutegemea mpaka uliowekwa. Wajerumani walipoitawala Tanganyika, kilele cha Kibo, ambacho Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia mwaka 1889, kiliitwa Kaiser-Wilhelm-Spitze na kuhesabiwa kuwa kilele cha juu kabisa katika milki ya Ujerumani. Mwaka 1961 kilele hicho kikaitwa Uhuru. Mlima haukusogea hata hatua moja, lakini kundi ambalo ulihesabiwa ndani yake lilibadilika. Watoto wa miaka 11 wanalielewa jambo hili vizuri, na ndiyo sababu ninasisitiza kila sentensi ya upeo iwe na “Afrikas”, “Deutschlands”, “der Welt” au “in unserer Klasse” mwishoni mwake. Vilevile wajue kwamba upeo hupitwa na wakati: mnara wa kanisa la Ulm, wenye mita 161.53, uliandikwa vitabuni kwa zaidi ya karne moja kuwa mrefu kuliko minara yote ya makanisa duniani, mpaka mwaka 2025 ulipopitwa na Sagrada Família ya Barcelona. Kwa Ujerumani bado ni “der höchste Kirchturm”.

Hatua ya sita: Quartett ya wanyama

Watoto wa Ujerumani hucheza karata ziitwazo Quartett, ambapo kila karata ina picha na vipimo vinavyoshindanishwa. Tengeneza zenu kwa manila iliyokatwa, kila mtoto akichora mnyama mmoja na kuandika uzito, mwendo na kimo chake kwa makadirio: tembo kilo 6,000 na kilomita 40 kwa saa, duma kilo 50 na kilomita 100, mbuni kilo 120 na kilomita 70, twiga kilo 1,200 na kilomita 55, akiwa na kimo cha mita 5.5.

Wacheze watatu au wanne. Mmoja anachagua kipimo na kuuliza: “Wie schwer ist dein Tier?” Kila mmoja anasoma namba yake, na mwenye kubwa anazichukua karata zote kwa sharti la kusema sentensi nzima: “Der Elefant ist am schwersten.” Asiposema sawasawa, karata zinabaki mezani kwa raundi inayofuata. Wakishazoea, sharti linapanda: sasa aseme “Der Elefant ist das schwerste Tier.” Mwalimu azunguke akisikiliza bila kukatiza, makosa yaandikwe pembeni na yajadiliwe mwishoni bila kutaja majina.

Hatua ya saba: bango la rekodi, na namna ya kupima walichokipata

Kazi ya mwisho ni bango lenye kichwa “Rekorde an unserer Schule”. Watoto wapime mti, ukuta, chumba, mfuko wa vitabu, na wamuulize mlinzi au mpishi mambo machache kwa Kiswahili kisha wayaandike kwa Kijerumani. Kila kikundi kiandike sentensi sita, tatu kwa kila umbo, na kila sentensi iwe na namba inayoithibitisha. Ukisahihisha, toa alama kwa mambo matatu tu: kiambishi sahihi, nukta za irabu mahali pake, na “der/die/das” inayofuata nomino iliyotajwa baadaye. Herufi kubwa za nomino zisahihishwe kwa penseli bila kupunguza alama.

Wanaojiandaa kwa mtihani wa Goethe-Zertifikat A2 Fit in Deutsch, ambao huwataka vijana waandike ujumbe mfupi, waongezewe zoezi moja: wamwandikie rafiki wa Ujerumani barua pepe ya sentensi nane kuhusu nchi yao, wakitumia upeo mara nne. Lakini “den längsten Bleistift”, ambapo kivumishi hupata “-en” kwa kuwa nomino imekuwa yambwa, pamoja na “die schnellsten Tiere” ya wingi na “eine der größten Städte”, yote yangoje mpaka watoto waweze kusoma mabango yao kwa sauti mbele ya wazazi bila kukwama.